Alama kwenye Ndoo

Kazi yangu ni kupokea asali. Wafuga nyuki wanatoka vijijini upande wa Isikizya na mbele zaidi, wanaleta ndoo kwa baiskeli au pikipiki hadi kwenye ghala letu hapa Mtendeni, Tabora. Nafungua kifuniko, nachovya kijiti, natazama asali inavyoshuka, kisha naonja. Nikionja najua kama imechemshwa, kama imerinwa mbichi kabla haijaiva au kama ni safi. Halafu nabandika karatasi kwenye ndoo na kuandika kijiji ilikotoka. Hapo ndipo ninapochelewa. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu haujawahi kuizoea kalamu. Wafuga nyuki hunisubiri bila kunung'unika kwa sababu wananiamini. Nikisema asali ni mbichi, hakuna anayebisha. Sina cheti wala ndugu mkubwa. Nina hilo tu.

Ndiyo maana yule mwanafunzi alipokuja nilimtazama kwa jicho la pembeni tangu siku ya kwanza.

Alikuwa Mkenya. Alivuka mpaka kuja kusoma shahada ya biashara Dar es Salaam, na chuo chake kilimtaka afanye kazi wiki nane mahali fulani kabla ya kumaliza. Wanafunzi wanaita fildi. Wenzake walibaki Dar kwenye mabenki. Yeye alipanda treni hadi Tabora. Hilo lenyewe lilinitia shaka. Nani anaacha ofisi yenye kiyoyozi aje kunusa ndoo?

Aliingia asubuhi na begi mgongoni, akamkuta bosi anakunywa kahawa.

"Habari yako, mzee?"

Bosi wetu ni mtu wa makamo, mzaliwa wa mji huu, na babu zake walifika hapa na misafara ya biashara. Aliweka kikombe chini.

"Nzuri, binti. Huko kwenu hawaamkii?"

"Pole, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, fildi imeanza."

Kisha binti akanigeukia mimi. "Wewe ndiye wa kuonja? Nipe hiyo kijiti."

Alisema nipe, hakusema naomba. Nikampa.

Kila siku alikaa juu ya kreti, daftari mapajani, akiniangalia na kuandika. Siku ya tatu, nikiwa katikati ya kuandika jina la kijiji, niliona simu yake inahesabu sekunde. Alikuwa ananipima.

"Endelea tu," akasema. "Lakini wewe unaandika kama mtu anachora ramani!"

Mama anayeosha ndoo alicheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nikacheka, ila karatasi niliifunika kwa kiganja.

Maswali yake hayakuisha. Huyu mzee ana mizinga mingapi? Kambi yake porini iko wapi? Anapita njia gani? Ana simu? Mfuga nyuki hata mdogo wake hamwambii mizinga iko wapi, seuze mgeni mwenye daftari. Siku moja nilimchungulia ukurasani. Mbali na maandishi niliona vimichoro: duara, mistari, misalaba. Nilidhani ni ramani ya njia zetu.

Wakati wa chai yule mama alininong'oneza, "Unamwona? Mwakani lori la Nairobi litapakia huko huko porini, na sisi tumekaa hapa na ndoo tupu. Asali ya misitu yetu ya miyombo itaandikwa imetoka Mlima Kenya!"

"Labda ni masomo tu, mama."

"Masomo ya kuuliza namba za simu za wazee? Nenda zako huko."

Nilitafuta maneno siku mbili nzima, ndipo nikamwambia bosi. Akacheka. "Mji huu ulijengwa na wageni waliouliza njia, mwanangu. Wa kwangu wakiwamo." Kwangu jibu hilo halikuwa dawa. Wageni wale walipouliza njia, si walichukua walichokuja kuchukua?

Basi nikaamua kumdanganya.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kila mfuga nyuki ana alama yake. Anaichonga kwa kisu kwenye mzinga, na mara nyingi ni ya baba yake, ili atakayeukuta porini ajue una mwenyewe. Alama hiyo hiyo anaichoma kwa waya wa moto kwenye ndoo, karibu na kitako. Mimi nazijua zote. Bosi hazijui. Yeye anasoma karatasi. Kwa hiyo nilianza kuandika vijiji vya uongo. Ndoo ya huku nikaipa jina la kule, ya kule nikaipa la huku. Nilijiambia kwamba ukweli uko kitakoni, karatasi ni za Mkenya.

Siku tano alinakili kila nilichoandika. Sitaficha, nilifurahi.

Siku ya sita sikwenda kazini. Nilimpeleka mama yangu hospitali Kitete kutazamwa macho, tukakaa kwenye foleni hadi alasiri. Kesho yake nilipofika ghalani, yule mama wa ndoo hakunitania.

"Jana hukuwepo. Babu amefukuzwa."

Babu huyo si babu yangu wa damu. Ni mzee wa upande wa Isikizya ambaye asali yake sijawahi kuikataa hata mara moja. Ndiye aliyenifundisha kutofautisha mbichi na mbivu kwa kutazama tu inavyoanguka kutoka kwenye kijiti. Bosi alikuwa amefungua ndoo mbili nilizozitenga pembeni. Zilikuwa zimechacha, zina povu. Zilikuwa za kijana mmoja wa kijiji kingine aliyeharakisha kurina, nami nilizitenga ili nimrudishie. Lakini karatasi nilizozibandika zilitaja kijiji cha babu, na anayetuletea asali kutoka kijiji hicho ni yeye peke yake. Kwa bahati mbaya mzee mwenyewe alifika saa hiyo hiyo na ndoo mbili mpya. Bosi alimwambia mbele ya watu azirudishe, asilete tena.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Alifunga kamba upya, akasukuma baiskeli yake."

Bosi alikuwa ndani na mwanafunzi, zile ndoo mbili zilizochacha mbele yao.

"Ulisema asali ya mzee yule haina mfano," akaniambia. "Onja basi."

Sikuwa na haja ya kuonja. Nilitazama kitakoni. Mistari mitatu. Alama ya babu ni duara lililokatwa na mstari. Nikisema, bosi atajua nimekuwa nikimwandikia uongo. Nikinyamaza, babu atakufa na jina la mtu anayeuza uchafu, na kila mfuga nyuki barabara ile atalisikia.

Mwanafunzi akafungua daftari lake kwenye ule ukurasa wa vimichoro.

"Mzee, kuna kitu sielewi. Hii alama ya mistari tatu, wiki ya kwanza iliandikwa kijiji ingine. Ya yule mzee ni hii ya duara. Nilifikiri nimekosea mimi." Akanitazama. "Nilikuwa nataka kukuuliza."

"Hukukosea," nikasema. "Niliandika uongo."

"Kwa nini?" Sauti ya bosi ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo mbaya.

"Ili asizijue njia."

Mwanafunzi akafunga daftari. "Ulifikiri nimekuja kuwaiba wazee wako?"

"Ndiyo."

"Si ungeniuliza?"

"Na ile saa ya simu, ulikuwa unapima nini?"

"Nilitaka kumwambia mzee akutengenezee mihuri ya majina ya vijiji. Ugonge tu, usihangaike kuandika."

Sikujua kama nimwamini. Hata leo sina hakika. Kuhusu namba za simu sikuuliza, naye hakusema. Wiki zake zilipokwisha aliondoka na daftari lake.

Siku iliyofuata ile ya ndoo mbili, bosi alinituma kwa babu kumweleza ukweli. Nilipanda pikipiki hadi Isikizya, sehemu iliyobaki nikatembea. Nilimkuta uani anashona mzinga wa gome kwa kamba ya mti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kushona.

"Kwa hiyo mimi uliniandika kwenye uchafu wa mwenzangu, ili kumficha mgeni?"

"Ndiyo, babu."

"Mgeni huyo amewahi kufika hapa kwangu?"

"Hapana."

"Basi aliyenifikia ni wewe." Akavuta kamba, akaikata kwa meno. "Mwambie bosi wako nitaleta. Lakini nitatazama."

Na kweli analeta. Nikishika kalamu anasimama begani kwangu. Alijifunza kusoma kanisani, kwa Wamoravian, na ananitaka nitamke kila herufi ninayoiandika. Nikimaliza anainama, anatazama kitakoni, anarudi kwenye karatasi. Wengine wamemwona, nao wanafanya hivyo hivyo. Wanapanga mstari, wanainama mmoja mmoja. Nikisema asali ni mbichi, siku hizi wananiomba kijiti, nao waonje.