Robo Tatu za Mgonjwa

Asubuhi yangu ya kwanza katika nyumba ya wazee kule Auderghem, Brussels, nilikabidhiwa beseni la maji ya moto, taulo mbili, sabuni, glavu za kitambaa za kuogeshea, na bibi mmoja wa Kizungu wa chumba cha mwisho. Nikaweka beseni juu ya kiti. Nikafungua mapazia. Nikampima mapigo ya moyo, ambayo hakuna aliyeniomba niyapime. Kisha nikakunja mikono, nikangoja. Maji yakaanza kupoa. Bibi ananitazama, nami namtazama. Mwishowe nikamwuliza kwa Kifaransa changu cha shule, kwa ile sauti ya infirmière, muuguzi anayejua kazi yake: "Madame, familia yako inakuja saa ngapi kukuogesha?"

Ndiyo, nilimwuliza hivyo. Naliandika mwenyewe maana wengine walishalitangaza kwa niaba yangu, kuanzia jikoni mwa ile nyumba hadi makanisa ya Ixelles.

Bibi hakucheka papo hapo. Zamani alikuwa mtengeneza nywele, na watu wa saluni wanajua kungoja mteja ajimalize mwenyewe. "Mwanangu yuko Hispania," akasema. "Anakuja Pasaka, na keki. Ukitaka kumsubiri, vuta kiti ukae. Lakini ondoa beseni kwanza."

Kwa wale ambao hawajawahi kulazwa Kivu enzi za Zaire, nieleze kidogo. Hospitali kwetu inakupa kitanda, na siku ya bahati inakupa na godoro. Yaliyobaki ni ya familia. Shangazi analeta sufuria, dada analeta beseni, na mmoja wao analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Huyo ndiye garde-malade. Anapika uani, anamlisha mgonjwa, anamwogesha, anafua shuka, anaenda kumwaga cha kumwaga. Infirmière yeye anapita na sinia la sindano. Anapita wima, kofia nyeupe imesimama kwa wanga, akisema, "Tokeni, tokeni, docteur anakuja!" na ukoo mzima unatoka na masufuria yake. Mimi nilipita hivyo kwa miaka. Nilikuwa na A2, ndiyo diploma ya shule ya sekondari ya uuguzi, na mwenye A2 kwetu akienda sokoni wanamsalimia "docteur". Sikuwahi kumsahihisha mtu.

Sifa yangu ilikuwa sindano ya tako. Shuleni walitufundisha kuligawa tako kwa mawazo katika robo nne, halafu uchome robo ya juu, upande wa nje, usije ukamlemaza mtu mguu. Kwa hiyo mwili wa binadamu niliujua vizuri sana, ila kwa robo. Robo tatu zilizobaki zilikuwa kazi ya familia.

Brussels hawakuwa na haja na robo yangu. Wizara ilitaka kwanza kuona kama diploma yetu inalingana na ya kwao. Wakaomba muhuri, nikaleta muhuri. Wakaomba tafsiri ya mtu aliyeapishwa, ingawa ile diploma iliandikwa kwa Kifaransa safi kuliko barua yao. Sikulalamika. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nipe kiti kando ya radiateur ya kupasha chumba joto, maharage yachemke polepole, pazia lifungwe nusu, na hutanisikia hadi mwaka mpya. Kila karatasi waliyoomba ilinipa miezi mingine ya kiti. Watu wakiniuliza, "Équivalence imefika wapi?" najibu kwa huzuni iliyopangwa vizuri, "Bado nangoja," kisha narudi kugeuza maharage. Na sikuwa peke yangu. Kanisani tulikuwa benchi zima la wakubwa waliopunguzwa: mwalimu wa hesabu anayepanga masanduku ya nyanya, mtaalamu wa kilimo anayekata majani kwenye bustani za watu. Ukituuliza, mmoja yuko "mu enseignement", mwingine yuko "mu agronomie". Mimi nilikuwa "mu santé", yaani kwenye afya, hapo hapo kwenye kiti.

Jibu likaja. Infirmière, hapana. Wakitaka kunihurumia, naweza kusomea kazi ya aide-soignante, mtu anayeogesha, anayelisha na kuvalisha wagonjwa, na sehemu ya masomo ni stage, mazoezi ya kazi, katika nyumba ya wazee. Au, akasema mama wa ofisi ya ajira bila kuinua macho, kuna kusafisha maofisi, kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na moja alfajiri, kwenye baridi ya Brussels, mimi! Nikachagua wazee. Wazee angalau wanaamka kukiwa na mwanga.

Ndipo nikafika kwa yule bibi na kuulizia familia.

Habari ilimfikia mkuu wa ghorofa kabla ya kahawa. Alikuwa mama mwembamba, saa yake imening'inia kifuani kama medali. Akaniita pembeni. "Hapa familia ni sisi, na tunalipwa," akaniambia. "Ijumaa ijayo nitasimama mlangoni nikuone ukimwogesha Madame kuanzia uso hadi miguu. Ukishindwa, stage imekwisha na masomo yamekwisha." Hadi siku hiyo nitandike vitanda na kubeba masinia. Mwili wa mtu nisiguse.

Ujinga peke yake ungerekebishika. Kulikuwa na jambo jingine. Yule bibi alikuwa na umri wa mama yangu na zaidi, na mtu wa umri huo kwetu humwoni uchi. Mama yangu mwenyewe nimewahi kumwona mabega tu, siku moja, kwa bahati mbaya, na tukaombana radhi wote wawili. Sasa nivue nguo ya mama wa watu, mchana, mbele ya shahidi mwenye saa?

Kwenye mlango uliotazamana na wangu kule Ixelles alikaa maman mmoja wa Uvira, mwili mkubwa na sauti ya kutosha ngazi nzima. Alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na Jumapili baada ya misa alikuwa mtu wa kupumzika. Nikamgongea.

"Maman, naomba nikuogeshe."

"Unasema?"

"Ni ya stage. Unalala mu kitanda, unafanya sawa mugonjwa, nakuosha."

"Miye niko na bain mu nyumba yangu."

"Najua, maman."

"Na ninaosha kila siku."

"Najua, maman. Ni mazoezi."

Akaniangalia kuanzia kandambili kupanda. "Attends. Docteur wetu hajue kuosha muntu?"

"Shuleni tulisoma ku tableau. Mwalimu alichora mugonjwa na chaki."

"Na chaki!" Akashika mlango asianguke. "Mulimuosha na nini? Na chiffon ya tableau? Bon. Nakuja. Lakini slip yangu haitoke. Umesikia? Chupi haitoke."

Nikatandika nailoni ya meza juu ya godoro langu, nikamlaza. Mwalimu wetu wa mafunzo alikuwa ametuambia tumtangazie mgonjwa kila tunachotaka kufanya, asishtuke. Basi nikatangaza.

"Madame, sasa ninaosha mkono wa kushoto."

"Ninaona, ma chère. Mukono ni yangu."

"Madame, sasa ninafuta kwapa."

"Eh, polepole! Na acha kupiga makelele, niko mugonjwa, siko kiziwi."

Uso, mikono na mgongo vilipita. Tulipofika mapajani nikafunga macho.

"Fungua macho, weye! Unaosha shuka!"

"Naona haya, maman."

"Haya ya nini? Kule Bukavu ulichoma batu sindano mu matako miaka yote, haya hukukuwa nayo?"

"Ile ilikuwa robo tu."

"Robo ya nini?"

Nikamweleza robo. Alicheka mpaka kitanda kikasogea na beseni likamwagikia zulia, na ile Jumapili iliyobaki tulikausha zulia badala ya kujifunza. Slip haikutoka. Nikalala na ujuzi wangu ukiwa umeongezeka mikono miwili na mgongo mmoja.

Ijumaa ikafika. Nilipanda basi, nikaingia metro, na njia nzima nikamwogesha kwa mawazo kila mzee aliyekaa mbele yangu. Nadhani ilionekana usoni, maana mmoja alihama kiti.

Mkuu wa ghorofa alisimama mlangoni kama alivyoahidi. Bibi alikuwa ameketi kitandani, nywele zimechanwa, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. "Leo familia imefika," akamwambia mkuu. Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.

Nikaanza. Uso, bila sabuni karibu na macho. Shingo. Mkono wa mbali, mkono wa karibu. Kifua, nikakifunika haraka. Mgongo, ambao nilikuwa mtaalamu wake tangu Jumapili. Nikabadilisha maji. Kisha nikashika pindo la shuka, na hapo mkono ukagoma. Nilisimama na ile glavu inadondosha maji kwenye kiatu changu. Nyuma yangu nikamsikia mkuu akiinua saa yake.

"Unaogopa nini?" akasema bibi. "Mimi nimeosha vichwa vya watu maisha yangu yote. Kichwa ndicho kichafu. Endelea, supu inakuja saa sita."

Akaanza kusimulia habari za mteja wake mmoja wa zamani, mke wa mwanasheria, aliyekuwa akificha chawa chini ya kofia za bei mbaya. Nikafunua shuka. Nilipoinua macho niombe radhi, kama kwa mama yangu, nikaona bibi amegeukia dirishani na macho yake yamefungwa kabisa. Alikuwa anasimulia akiwa amefumba macho. Habari ya chawa haikuwa na mwisho, aliirefusha kwa makusudi, ili kuwe na sauti chumbani tusisikie maji.

Sikuwa nimefikiria kwamba yeye naye ana haya. Kwetu nilikuwa nikifukuza watu na masufuria yao, sikujua kumbe walikuwa wanamfunika mgonjwa wao.

Basi nikaosha. Macho wazi, robo zote, nikienda na habari ya mke wa mwanasheria. Nikamkausha, nikamvalisha, nikafunga kifungo cha mwisho, na hapo hapo mke wa mwanasheria akapona chawa na hadithi ikaisha. Bibi akafumbua macho akaomba kioo.

Mkuu akaja hadi kitandani. Akagusa maji kwa kidole. "Baridi," akasema. "Na polepole mno. Ukienda hivi, wa chumba cha kwanza ataogeshwa Jumanne." Akamtazama bibi, akanyoosha ukosi wake. "Lakini ni safi. Jumatatu unaanza na watatu."

Hivyo ndivyo nilivyopita. Miaka ya shule, miaka ya sindano, miaka ya kiti, mpaka Mbelgiji mmoja akathibitisha kwamba naweza kumwosha mtu na akawa safi. Nilirudi nyumbani na kibandiko cha aide-soignante bado kifuani. Nilikisahau hapo kwa makusudi, na katika metro nilifungua koti, ingawa baridi ilikuwa inauma. Hakuna aliyesoma. Nilipofika ngazini nikaanza kuita nikiwa bado ghorofa ya kwanza: "Maman! Nimefaulu! Maman!"

Maman wa Uvira akatoka na mfuko wa takataka mkononi. Akauweka chini. Akanikumbatia mpaka kibandiko kikapinda, akasema alléluia mbili, akanibusu mashavu yote. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akanitazama vizuri, akasema:

"Félicitations, ma chère. Lakini siku miye nitazeeka, balete mwingine. Weye unaosha muntu sawa unaosha sahani."