Kidole Nilichonyooshea Makaburi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, Pickering nzima, mji wetu huku ughaibuni, haikuwa na mguu wa kushoto wa mpira kama wangu. Usibishe, hukuwepo. Kiwanja chetu kilikuwa ukanda wa nyasi nyuma ya nyumba zetu za kupanga, na mwisho wa ukanda huo, ndani ya uzio wa chuma, palikuwa na makaburi ya zamani. Naandika nikiwa na hasira, nasema mapema. Anayetaka habari za bibi anayekaanga vitumbua aende kwingine.

Makaburi yenyewe yalikuwa ukuta tu. Wakulima wa kwanza wa Kizungu waliofyeka msitu pale walizika watu wao kando ya kanisa la mbao. Kanisa likaungua, wajukuu wakahamia mjini, ng'ombe wakaangusha mawe ya makaburi, plau ikayavunja. Baadaye sana watu wema wakakusanya vile vipande, wakavigandisha kwa saruji kwenye ukuta mmoja, wakauzungushia uzio na kuweka kibao. Kibao kinawaita waanzilishi. Wenyeji waliokuwepo kabla yao hawakuandikiwa hata mstari, lakini hiyo ni hasira nyingine, nitaipa siku yake.

Bibi, mama yake baba, aliletwa kutoka Upare kumlea mdogo wangu wakati mama anarudi kazini hospitali. Aliniita mume wangu, kama bibi yeyote wa kwetu anavyomtania mjukuu wa kiume, na nikimsemesha Kiingereza hajibu. "Mume gani huyu anabweka?" Kiswahili unachokisoma hapa ni chake. Shule niliyoiacha kabla ya kumaliza hainidai hata herufi moja.

Siku ya kwanza nilipomwonyesha ule ukuta, alinipiga kofi mkononi.

"Kaburi halinyooshewi kidole! Kitaoza. King'ate upesi."

Nikang'ata huku nacheka. Kisha akataka nimsomee kibao, nikamfasiria kwa kukokota. Akasikiliza mpaka mwisho, akauzunguka ukuta, akachungulia nyuma yake kama mtu anayemtafuta mwenye duka.

"Mawe nimeyaona," akasema. "Wenyewe wako wapi?"

"Sijui, Bibi. Si wamekufa?"

"Waliokufa hawaendi mbali, mume wangu."

Aliwaona theluji ilipoanza kuyeyuka. Nyasi zilikwisha kutokeza, ila nje ya uzio, katikati ya kiwanja changu, palibaki vipande vyeupe, virefu, vyembamba, vimelala sambamba. Theluji ilikuwa imejificha kwenye vibonde. Bibi akavihesabu: saba. Kwao, kaburi likititia baada ya mvua, jamaa huenda na udongo wakalijazia. Kuliacha na shimo ni kumwambia marehemu kwamba hana watu. Na kaburi lisilo na watu, alisema, siku moja litajifunua lenyewe hadharani, na aibu itakuwa ya walio hai.

Basi akaanza. Kila asubuhi, mdogo wangu mgongoni, ndoo ya njano mkononi, alichota udongo wa ile bustani ndogo aliyopewa apande mchicha. Mchicha haukupandwa. Ndoo tatu kaburi hili, nne lile. La mwisho, kwenye kona ya uzio, lilikuwa fupi, ndoo moja ikatosha.

"Huyu ni mtoto," akasema, akakaa pale kidogo akimpigapiga mdogo wangu mgongoni, kama wote wawili walikuwa wake.

Mimi nilichoona ni kiwanja kilichoharibika. Mpira ukawa unaruka kama chura. Andre, jirani yetu ambaye sikuwahi kumwacha anishinde kwa lolote, akaniuliza mbele ya wenzetu, "Bibi yako anapanda nini, maiti?" Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Halafu akaja msimamizi wa nyumba na furushi lake la funguo, akitaka kujua nani anamwaga udongo. Baba alisimama mlangoni na tai yake ya ofisini, anatazama saa. Bibi Kiingereza hakijui. Msimamizi akaniinamia mimi.

"Wewe kijana mkubwa, nionyeshe ni wapi na wapi."

Kijana mkubwa! Nilitoka kifua mbele nikamwonyesha. Kwa kidole. La kwanza, la pili, mpaka la saba.

"King'ate," Bibi akasema nyuma yangu, taratibu. "Mume wangu, king'ate."

Sikung'ata. Andre alikuwa anatazama.

Kesho yake wakaja watu na makoleo wakasawazisha kila kitu. Jioni baba akasema, "Mama, unaniaibisha. Hapa si Upare. Hawa watu wana kumbukumbu zao, zimeandikwa."

"Zimeandika mawe yako wapi," Bibi akamjibu. "Mimi nakwambia watu wako wapi."

Kabla majira ya joto hayajaisha alirudishwa kwao, tiketi ikakatwa bila yeye kuulizwa. Pale uwanja wa ndege hakuniita mume wangu. Aliniita kwa jina. Nilipotimiza miaka kumi na mitatu tukapigiwa simu kwamba amefariki.

Leo mimi ni dereva wa katapila, na kuanzia North York mpaka Pickering hakuna anayechimba msingi ulionyooka kama wangu. Ulizia. Mwezi wa nne uliopita mama akanitumia video: ule ukanda unachimbwa uwe eneo la kuegesha magari, na katapila imetoa mfupa. Nikaacha kazi katikati, nikaenda. Nilikuta hema, wataalamu na brashi zao, na vibendera vitano vimechomekwa ardhini. Mwanamume mmoja mwenye suti alikuwa anaiambia kamera, "Hakuna ambaye angeweza kujua."

Jamani! Nimetukanwa na mabosi, nimeachwa na wasichana wawili wazuri, lakini hakuna kilichonichoma kama neno hilo.

"Bibi yangu alijua!" nikapaza sauti. "Na msimamizi wenu nilimwonyesha mwenyewe!"

Wakanitazama kama mlevi.

"Mmepata watano. Wamebaki wawili."

Mama mmoja wa makamo, mtaalamu, magoti yote tope, akanisogelea. "Wapi?"

Nikanyoosha kidole kilekile. Mmoja chini ya rundo la mabomba. Mwingine kwenye kona ya uzio. "Huyo ni mfupi," nikamwambia. "Ni mtoto." Kisha, mbele ya kamera na suti na watu wote, nikakitia kidole mdomoni nikaking'ata mpaka machozi yakanitoka. Ya maumivu, nilijiambia.

Wakapima, wakakwangua polepole. Jioni vibendera vilikuwa saba.

Nilimpigia baba nikamwambia.

"Mama alikuwa anajua kuhesabu," akasema. Basi, hayo tu. Nilikuwa na maneno ya kumfokea, nimeyatunza tangu utotoni. Nikayameza. Aliyenyoosha kidole siku ile hakuwa yeye.

Wenzangu kazini wamepoteza kucha, mmoja alikatika ncha ya kidole gumba. Changu ni kizima, kimenyooka, hakina hata kovu. Nakitazama nikiwa juu ya mashine na hasira inanipanda upya. Bibi alisema kitaoza. Kingeoza wakati ule, ningemwamini angali hai.