Nilivyolinda Mkono wa Zai

Nilikuwa Masasi, nasimamia ghala la korosho lisilo langu, dada yangu Rehema aliponipigia kutoka ughaibuni. Mahakama ilikuwa imemruhusu kumwasili Zai, binti wa miaka minne wa marehemu kaka yetu, anayelelewa na mama yetu huko Kiwalani. Vilibaki vipimo vya afya. Bila cheti, mtoto hasafiri.

"Nakuja Jumamosi kumchukua, nina wiki moja tu," alisema. "Mama miguu inamsumbua, mpeleke wewe. Na safari hii usipotee."

Nikapanda basi, na Jumatatu asubuhi bajaji ilitutoa mimi na Zai Kiwalani mpaka kliniki moja Kinondoni. Walimtoa damu kupima virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Choo kikaenda kutafutwa minyoo. Zai alivumilia yote kama mtu aliyepanga foleni ya maji. Mwisho nesi akamdunga chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, kipimo cha kifua kikuu.

"Jumatano mrudi niupime uvimbe. Usisuguliwe, usikandwe. Umenisikia, baba?"

Nilimsikia.

Jioni nilimwacha Zai kwa mama, nikaenda Keko kuwasalimia mafundi niliotengeneza nao vitanda ujanani. Nusu yao walishahama. Waliobaki walinikumbuka kwa shida. Nikalala huko siku mbili. Habari ya kukanda sikumwambia mama. Niliona ni jambo la kitaalamu.

Jumatano nesi aliugeuza mkono, akaugeuza tena. Ulikuwa mwekundu kutoka kiwiko mpaka kiganja.

"Nani kamkanda?"

"Hakuna," nilisema.

"Bibi," Zai alisema. "Maji ya moto na chumvi. Asubuhi na jioni."

"Hapa sisomi kitu," nesi alisema. "Nikiandika anao ugonjwa nadanganya, nikiandika hana nadanganya. Tunarudia mkono wa kulia, tunausoma Ijumaa. Mkija na mwingine kama huu, huyo dada yako atarudi na begi lake tu."

Kiwalani tulimkuta mama keshabandika maji.

"Mie nimelea saba," alisema. "Sindano ikivimba inakandwa. Nyie mnadhani mikono yenu ilipona kwa kutazamwa?"

"Huu unatazamwa tu, mama."

"Basi utazame wewe."

Nikautazama. Nilikaa uani siku mbili, mahali ambapo tangu nimalize kidato cha nne sikuwa nimewahi kuvuka mlo mmoja. Zai alinitajia majina ya kuku wote, kisha akanihoji. Kila ndege ilipopita juu ya bati aliuliza kama ni ile yake. Mama alimjibu hapana.

Ijumaa nesi aliweka rula, akaiondoa. "Bapa. Hana." Majibu mengine yalikuwa safi, isipokuwa minyoo, akapewa dawa ya kutafuna. Cheti kikagongwa muhuri.

Mama alikuwa anachambua mchele nilipompa habari.

"Angekutwa na kifua kikuu, angebaki?"

"Angetibiwa kwanza."

"Na akishapona?"

"Angekwenda."

Akapepeta ungo mara mbili. "Basi afadhali hana," alisema.

Rehema alikuja, akamchukua, nami nikarudi kusini. Katika safari zangu zote nilizoea kwamba anayeelekezwa ni yule anayeondoka, si anayebaki. Ningemweleza mama Jumatatu ile, angeuacha mkono. Lakini ile ilikuwa wiki yake ya mwisho ya kumkanda mjukuu wake, na mpaka leo sijui ningeanzaje kumwambia.