Njia ya Mwenyewe

Nilipokuwa mtoto, kijiji chetu cha wavuvi huko Mbuchi kilikuwa na kiwanja kimoja kizuri kuliko vyote, katikati kabisa, hatua chache kutoka mitumbwi inaposhushia samaki, na hakuna aliyethubutu kukijenga. Nyumba zetu za miti ya mikoko zilikaa kulia na kushoto kwake kama watu waliompisha mgeni. Tulipaita Njia ya Mwenyewe. Mwenyewe nani? Ukiuliza, kofi. Research yangu ya kwanza iliishia hapo.

Mlinzi wa njia ile alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Kila mwaka kabla ya masika alichomeka kijiti cha mkoko katikati na kukifunga kitambaa cheupe. Hapo hapaanikwi samaki, hapawekwi kinu.

"Mwenyewe akipita," aliniambia, "habishi hodi."

Nikiwa na miaka minane wakaja watu wa kutujengea kijiji cha kisasa. Nyumba zipangwe mistari, ziezekwe bati, and so on and so forth. Mjomba Seif akapewa kiwanja kile, akajenga banda la matofali la kukaushia kamba wa baharini.

"Mama," alimtania bibi mbele za watu, "huyo Mwenyewe wako ana hati?"

"Hati hana. Miguu anayo."

Sasa mimi nina dhambi yangu hapa. Wiki ileile nilikiiba kile kitambaa. Mwanasesere wangu alikuwa anaolewa, na bi harusi haolewi bila shela.

Siku ya bamvua maji ya bahari yalipanda, yakakutana na mto uliojaa mvua za bara. Ilikuwa alasiri, jua kali. Maji yakapita palepale, kiwanjani. Banda likalala chali na kamba wa msimu mzima ndani yake. Nyumba za pembeni zililowa miguu tu. Mjomba tulimkuta juu ya paa la jiko, kakumbatia redio.

"Seif, shuka," bibi alimwita. "Kamwonyeshe hati."

Kijiji kizima kilicheka, hata mjomba. Mimi nililia mpaka kwikwi. Nilijua aliyemfungulia Mwenyewe mlango ni mimi. Nikamzika mwanasesere na shela lake, nikafunga mdomo miaka yote.

Chuoni Dar, nikisomea mipango ya ardhi, mwalimu alichora ubaoni mkondo wa asili wa maji. "Never build here," akasema. Nusura niuamkie ule ubao shikamoo.

Nikarudi nyumbani na degree, bila kazi. Jioni moja, tukichambua mchele, nikaungama.

"Bibi, kile kitambaa nilikiiba mimi."

"Najua. Lile shela nani alilipinda? Wewe ulijua sindano?"

"Sasa mbona maji yalipokuja hukunichapa?"

"Kwani kitambaa kinazuia maji? Kinazuia watu. Na mjomba wako alikiona, akajenga hivyohivyo."

Hivyo ndivyo mzigo wa miaka kumi na tano ulivyoshuka, katikati ya pumba. Ningeweza kumkasirikia. Badala yake nilimpokonya ungo nikamaliza kupepeta.

Mwaka huu wamekuja wengine na ramani ya soko la kisasa la samaki. Soko tunalitaka, tena sana. Lakini wamelichora wapi? Guess. Niliomba kazi kwao, nikawaonyesha kwa kidole maji yanapopita. Wakaniambia sina experience. Mimi, niliyelelewa na consultant mwenyewe!

Mgongo wa bibi haukunjiki tena, kwa hiyo juzi kijiti nilichomeka mimi, pembeni ya vigingi vyao vyekundu. Kitambaa nilikikata kwenye shati jeupe nililonunua kwa ajili ya interview. Bibi alikuwa kizingitini, ananisimamia.

"Kaza fundo, mjukuu wangu. Hawa wa sasa wana haraka."

Nikakaza. Ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo.