Nilichagua Redio Yenye Koluna, Nikamnyamazisha Mama Yangu

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na mimi kwa kujitetea sijambo! Muulizeni mume wangu. Lakini kwa hili sina wa kumsingizia, si muuza duka, si betri, si shetani. Mama yangu alinipa siri yake niitunze, nami nikaitoa uwanjani mbele ya wanaume wanaosubiri wali.

Jina langu sitalitaja. Naishi Mute, kando ya barabara ya kwenda Palma. Nalima mihogo na ufuta kidogo. Nina watoto, mkubwa wao ni wa kike, anaitwa Zaina. Wakwe zangu wote wapo hapa hapa, kwa hiyo ukisoma haya ukanijua, nyamaza tu ndugu yangu.

Mama yangu alikuwa nyakanga. Kwa asiyejua, huyo ndiye mkuu wa makungwi, anayewafunda wasichana wanapochezwa unyago. Alizaliwa kisiwani Rongui na nyimbo zake alizipokea huko kwa bibi yake. Nyimbo hizo si za kila sikio. Mwanamume hazisikii, msichana ambaye hajachezwa hazisikii, na mengine yaliyomo hata mimi mtu mzima yalinifanya nijifunike uso. Ndiyo maana humu siandiki hata mstari mmoja. Nimeshatoa ya kutosha.

Tuliporudi kutoka ukimbizini, vita vikiwa vimetutawanya huku na huko, tulikuta makungwi wengi hawapo. Wengine walifariki, wengine wamebaki walikokimbilia. Wanaozijua nyimbo zote walikuwa mama na shoga yake, Bi Atija, basi. Mama akaniita.

"Mwanangu, njoo ukae nami nikufunze. Mie nshazeeka."

Mimi nikamjibu nini? Nikamwambia nina shamba, nina watoto, nina mambo. Nikamwambia, "Mama, siku hizi watu hawakariri. Tutarekodi."

"Tutafanya nini?"

"Tutaitia sauti yako kwenye kidude. Nitakuwa nasikiliza nikipalilia, mpaka nyimbo ziingie zenyewe."

Alikwenda kumuuliza Bi Atija, na Bi Atija akakataa katakata, akasema siri ya mtungi aijuaye kata, si redio. Lakini mama alikuwa ananipenda, jamani. Akarudi akasema, "Haya, kwa kuwa ni weye. Ila isikike masikioni mwako tu. Isitoke nje. Wanisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Basi nikaenda Palma, kwenye kibanda cha bwana mmoja aliyetoka Mtwara, anayechaji simu, anayeuza redio na kuwajazia watu nyimbo kwenye kadi. Akaniuliza, "Dada, wataka ya kusikiliza mwenyewe au ya kusikilizisha watu?"

"Ya mwenyewe."

"Basi chukua hii." Akanipa MP3 ndogo nyeusi, inatosha kwenye kiganja, haina hata taa ya kutazamika. Ni ya hedifoni tu. "Hii haina kelele. Chaji inakaa, na kurekodi inarekodi. Hutajuta."

Niliishika lakini moyo wangu haukuitaka. Macho yangu yalikuwa pembeni yake, kwenye nyingine nyekundu yenye mkono wa kubebea, ina koluna, ndivyo huku tunavyoita spika, na taa zinazozunguka rangi rangi.

"Na hiyo je?"

"Hiyo ya sherehe, dada. Tundu la hedifoni inalo, lakini waya ukichomoka tu, mtaa mzima wasikia."

Aliniambia! Tena kwa Kiswahili kisafi, si Kireno! Nami nikaichukua ile nyekundu. Mnajua kwa nini? Kwa sababu wifi yangu alikuwa na simu kubwa, na kila nikienda kwao ananionyesha picha. Nilitaka siku moja na mimi nitoe kitu changu, watu waseme loo! Hiyo ndiyo sababu yote. Sina nyingine, nimetafuta.

Nikamwambia anijazie tarabu na pasada, ule muziki wa kucheza wawili wawili. Akanijazia. Akasema, "Kama una mambo yako ya kurekodi, yaweke kwenye kadi yake peke yake, usichanganye." Nikaona huyu anataka kuniuzia kadi ya pili. Nikamwambia hiyo moja inatosha.

Tulirekodi jikoni kwa mama, mlango tumefunga, yeye kakaa kwenye kibao cha mbuzi, anapiga beseni badala ya ngoma. Kabla ya kuanza aliniuliza, "Ushawasha?" Nikamwambia nimewasha. Akacheka, akakohoa, akaimba. Sijawahi kumsikia mama anaimba vile. Sauti yake ilikuwa nyembamba juu, nzito chini, na aliimba bila haraka, anajua kila neno linakwenda wapi. Alipomaliza alitoka jasho. Akasema ule wimbo wa mwisho aliouimba ulitungwa na bibi yake mwenyewe, hata Bi Atija haujui, na huo amemwekea Zaina.

Sasa mseme nilijifunza. Sikujifunza! Shambani nilivaa hedifoni, nikasikiliza nyimbo za mama kidogo, halafu kidole chenyewe kikarukia tarabu. Nilikuwa najiambia haraka ya nini, zimo ndani, haziozi. Kisha waya wa hedifoni ukakatika. Sikununua mwingine. Nikawa nasikilizia kwenye koluna, nimepunguza sauti, niko peke yangu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuvunja ahadi, polepole, bila hata kuona kama naivunja.

Ikaja arusi ya wifi yangu yule yule. Mpiga muziki aliyeitwa kutoka Palma hakutokea. Baada ya alasiri wanaume wamekaa kwenye mikeka wanasubiri wali, pamepoa, hata vigelegele havitoki. Mimi huyo! Nikakimbia nyumbani, nikaja na nyekundu yangu, nikaiweka dirishani, nikaongeza sauti mpaka mwisho, taa zikazunguka. Watu wakashangilia. Wifi yangu mwenyewe alinikumbatia akasema, "Wifi, umetuokoa!" Nilijisikia vizuri, sitawaficha. Nikaenda nyuma kupakua wali nikiwa natembea kwa maringo.

Tarabu ikaisha. Nilikuwa nimeshika kawa mkononi niliposikia uwanjani, kwa sauti kubwa kuliko ya mwadhini, "Ushawasha?"

Kila mtu alimjua. Halafu kile kicheko chake, kile kikohozi, na beseni likaanza.

Nilitupa kawa. Nilikimbia, lakini kutoka nyuma ya nyumba hadi dirishani wanawake walikuwa wamejaa, na mama alishaimba beti za kwanza. Zile zenyewe. Nikabonyeza kitufe, nikitaka kuzima, kikarukia wimbo wa pili. Na wa pili ulikuwa mbaya zaidi! Mikono ilikuwa na mafuta ya wali, inateleza, na kila nikibonyeza inarukia wimbo mwingine, mpaka ukaanza ule wa mwisho. Wazee waliinamisha vichwa. Mwalimu wa madrasa alinyanyuka akatafuta viatu vyake. Mume wangu, mkwe wa mama yangu, ambaye tangu tuoane hajawahi hata kula mbele yake kwa heshima, alitoka uwanjani karibu anakimbia, amejifunika masikio kwa mikono yote miwili. Na vijana, sitawasamehe, wao walitoa simu zao, wakazinyoosha juu, wanarekodi na kucheka.

Aliyekuja kunyamazisha ni Bi Atija. Aliinyakua redio akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Taa zilizunguka ndani ya maji kidogo, kisha zikazimika.

Nikageuka nikamwona mama. Amesimama penye kona ya nyumba, mwiko mkononi. Hakunipigia kelele. Laiti angenipiga na ule mwiko! Aliuweka chini taratibu, akajitanda kichwani kitenge chake, kapulana, akashika njia ya kwake.

Wanawake wakubwa walikaa kikao. Mama akaitwa, akaulizwa nani alimruhusu kuitia siri kwenye chombo. Angeweza kunitaja. Akasema, "Ni mimi nilokubali." Wakamvua unyakanga. Fimbo yake ya kuchezeshea wanawali, Bi Atija alipoikataa, ikapewa mwingine, mwanamke hodari, lakini nyimbo anazijua nusu. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo wasemavyo. Mimi nilichuma, aliyekula ni mama.

Baadaye alikuja kwangu. Akauliza, "Kadi ile ipo?"

Nilikuwa nimeitoa majini na kuikausha. Kwenye simu ya mume wangu ilikuwa inafunguka, sauti yote imo. Nilitaka kusema haipo, nikashindwa.

"Ipo, mama."

"Futa. Hapa, nami naona."

"Mama, tafadhali. Nitanunua ile ndogo, ya masikioni tu. Nitajifunza, wallahi."

"Futa, mwanangu."

Nikafuta. Hajui kusoma, alikuwa ananitazama uso badala ya simu. Akaniuliza, "Imekwisha?" Nikasema imekwisha. Akasema, "Haya," akaomba maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo hakuimba tena. Si unyago tu. Akitwanga, kimya. Akimbembeleza mtoto wangu mdogo, anamtikisa tu, kimya. Nilipomwomba, nikiwa nimepiga magoti, anifunze kwa mdomo kama alivyotaka mwanzo, alinijibu bila hasira, "Sauti yangu ishakwenda sokoni, mwanangu. Siwezi kuifuata huko." Alifariki masika yaliyofuata. Sisemi nilimuua, siku ya mtu anayo Mungu. Ila najua alivyoishi miezi ile ya mwisho, na najua ni nani aliyemfanya aishi hivyo.

Zaina akavunja ungo. Tukaanza kutayarisha kumcheza. Siku moja ananisuka nywele, akaniuliza, "Mama, bibi alisema ana wimbo wangu. Unaujua?"

Nikamwambia kaa kimya usinivute nywele. Hakuwa amenivuta.

Nikaenda Palma kumnunulia kapulana mpya. Napita kwenye kile kibanda cha bwana wa Mtwara, wateja wamejaa wanachaji simu, na kwenye koluna yake inatoka sauti ya mama yangu.

"Ushawasha?"

Wale vijana wa arusini walikuwa wamerushiana, simu kwa simu, mpaka imefika huku. Watu wanacheka wanapigana mabega. Nilitakiwa niwakemee, nipige kelele, nivunje kitu. Sikufanya hivyo. Nilisimama juani, nimekumbatia kapulana, nikasikiliza. Nilijaribu kuyashika maneno. Jamani, nilikuwa namsikia mama yangu! Na wimbo wa mwisho, ule wa Zaina, haukufika hata nusu. Ulikatika pale Bi Atija alipoitumbukiza redio.

Yule bwana hakunikumbuka. Aliniona nimeganda, akatabasamu, akasema, "Huyu bibi anajua kuimba, ee? Watu wanamtaka sana. Nikutilie kwenye kadi, dada?"

Nikafungua mdomo. Mungu anajua nilitaka kusema nitilie. Nilikuwa na kadi kwenye pochi.

Nikamwambia, "Huyo ni mama yangu. Alikufa. Hizo ni nyimbo za ndani, hakupenda zisikike. Naomba ufute."

Bwana yule alizima haraka, akasema, "Nisamehe dada, sikujua." Akaniinamishia simu yake nione kidole chake kinavyofuta. Ikaisha. Mara ya pili nikamfuta mama yangu, na safari hii sikuambiwa na mtu. Kwa wengine imebaki, najua, wala sina uwezo wa kuingia kila simu.

Zaina amechezwa. Usiku wa mwisho wa unyago wake... hapana, hayo ya ndani siyasemi tena. Nasema tu kwamba ulipofika wakati wa wimbo wake, Bi Atija alinitazama, mimi nikaangalia chini, wakapita kwenye wimbo mwingine.

Basi nyinyi mnaonisoma, mkienda dukani msichague kidude kwa taa zake. Cha siri na cha sherehe visikae kwenye kadi moja. Muuzaji akikuuliza ni cha nani, mjibu ukweli halafu uufuate. Lakini hayo ni madogo. Kama una mama anayekuita ukae naye akufunze, acha jembe, acha simu, nenda ukakae. Mimi niliitwa. Alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, ana kibao cha mbuzi na beseni, na nafasi yangu pembeni yake ilikuwa wazi.