Alama Ukutani

Juzi nilikuwa ofisi ya serikali ya komini, kwenye foleni ya sisi tuliorudi kutoka uhamishoni baada ya vita, tunaoandikisha nyumba tulizoingia baada ya kuzikuta hazina wenyewe. Zamu yake ilipofika, mama mmoja aliyekulia Burundi aliweka ufunguo mezani, akausukuma kwa kidole kimoja hadi kwa karani.

“Hiyo nyumba ya Niboye iko na shida gani, mama?”

“Haina shida. Kulikuwa na picha ya harusi ukutani.”

“Si utoe tu?”

“Nilitoa. Alama yake imebaki, nyeupe. Nikikaa kula naiona.”

“Basi paka rangi.”

“Nilipaka, mwanangu. Mara mbili.”

Karani akacheka kidogo, akatutazama sisi wa kwenye foleni tumsaidie kucheka. Tukacheka, na mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Yule mama akaondoka, ufunguo akauacha palepale.

Alama kama hiyo ninayo sebuleni kwangu, Kagarama. Mimi sikuhangaika na rangi. Niliifunika kwa kalenda, nikajiona mjanja. Sasa tuko Desemba, na ukurasa uliobaki ni mmoja.