Vifuniko kumi vya bia, mfuko wa akina mama wa bandarini, na uchumba wangu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Umri wangu sasa hauna nafasi ya uongo, kwa hiyo haya yapokeeni jinsi yalivyonitokea mwenyewe, Bujumbura, miaka michache baada ya uhuru.

Nilikuwa karani kwa wakala mmoja wa mizigo bandarini. Jioni niliwaandikia hesabu akina mama waliopeleka bidhaa Kigoma kwa boti. Walikuwa na mfuko wao. Kila wiki walichanga jumla ya faranga elfu moja, na mzigo wa mmoja ukilowa au kupotea, mfuko unamlipa elfu sita.

Mwenyekiti alikuwa Mama Feza wa Musaga. Nami nilikuwa nampenda Feza, binti yake, na mama alishaanza kuniangalia kwa jicho zuri.

Sasa oneni balaa.

Mfuko ulifikisha elfu kumi na mbili. Mama Feza akasema tutoe elfu tisa, tununue vitenge vya sare kwa sikukuu. Makofi. Vitenge vyenyewe vilikuwa vizuri, sikatai.

Mimi sikupiga. Rafiki yangu wa ofisi ya bima alikuwa ameniazima kitabu cha kozi yake ya bima, cha Kifaransa. Kanuni zilinipiga chenga, ila nilishika jambo moja: probabilité de ruine. Yaani uwezekano wa mfuko kuishiwa kabisa siku moja, hata kama kwa average unaingiza kuliko unavyotoa.

Kwetu mzigo ulipotea kama wiki moja kati ya kumi. Kwa average tulikuwa salama. Ila hasara hazipangi foleni.

Nikinyamaza, mfuko uko hatarini. Nikisema, nampinga mama mkwe mbele ya watu na huenda Feza nimemkosa. Nilisema, wakuu: vitenge visubiri.

Jumapili baada ya misa nikawaendea akina mama na vifuniko kumi vya bia ndani ya kopo, kimoja nimekipaka masizi. (Bia aliinywa nani? Tuendelee.) Kila kuchota ni wiki moja: ongeza elfu. Kikitoka cheusi, toa elfu sita. Vijana siku hizi mnaita simulation.

Cheusi kilipotoka mara ya kwanza, Mama Feza akakiweka pembeni.

"Hii imekwisha kutoka," akasema. "Mungu hawezi kupiga mutu mara mbili."

Ndipo Mama Sifa, muuza sabuni ambaye mikutanoni hakuwa na kawaida ya kusema, akakiokota akakirudisha kwenye kopo.

"Mi alinipiga wiki mbili za kufuatana," akasema. "Tuichanganye tena."

Kozi nzima niliielewa pale: hasara ya jana haizuii ya kesho.

Tukacheza miaka kumi, kila mwaka tukiuanza upya na elfu tatu: mfuko ulikufa mara nne. Tukacheza mingine kumi tukianza na elfu kumi na mbili: ulikufa mara moja. Akina mama walishangilia kama wako mpirani, mpaka waume wakaja kuulizia chakula.

Vitenge vikaahirishwa. Mama Feza akaninunia. Nikipita kwao naambiwa Feza hayupo, nami namsikia anacheka ndani. Iliniuma sana.

Mwezi uliofuata, mizigo miwili ikapotea ndani ya wiki tatu. Tukalipa yote, na kikabaki kidogo.

Kesho yake Mama Feza akaja ofisini, akasimama mbele ya makarani wenzangu.

"Wanaume wote wanaomutaka Feza wananiambia ndiyo mama, ndiyo mama," akasema. "We ulijua unaweza kumukosa, na ukaniambia apana. Leta wazee wako."

Nilichojifunza ni hiki: kuingiza kuliko unavyotoa hakutoshi. Jiulize kama una pumzi ya kupigwa mara mbili mfululizo.

Wenye vikundi, mnabakiza kiasi gani kabla ya kugawana? Wataalamu wa bima, nisahihisheni kwa upole.

Feza yuko hapa pembeni, anataka niwaulize na hili: kuna mwingine humu aliyempinga mama mkwe hadharani akapewa mke?